Dawa Ipo, Mlango Ndio Mwembamba

(Hotuba hii niliitoa Temeke, Dar es Salaam, kwenye mkutano wa wazazi, wahudumu wa afya ya jamii na vijana walio kwenye matibabu ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.)

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa serikali za mitaa, wauguzi na wafamasia wenzangu, mama zangu, baba zangu, na ninyi vijana mliokuja hapa moja kwa moja kutoka kunywa dozi ya asubuhi: Asalaam aleikum! Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo!

Nawashukuru kwa kunialika. Mimi ni mfamasia. Miaka yangu mingi ya kazi nimeipitisha nyuma ya dirisha la kutolea methadoni, na ninyi wengi hapa tunafahamiana kwa sura. Leo nimekuja na jambo moja tu. Dawa ya kutibu uraibu wa heroini ipo. Imethibitishwa. Wanaoihitaji wengi hawaipati, na wanaoipata wengi wanaipoteza, na sababu kubwa ni masharti tuliyoyaweka sisi wenyewe: nani aruhusiwe kuiandika, nani aruhusiwe kuitoa, itolewe wapi, na mgonjwa aimeze mbele ya nani.

Tuanze na dawa yenyewe, maana mitaani yanasemwa mengi. Kuna mama aliniambia, "Mwanangu, si mmemtoa kwenye unga mkamtia kwenye unga wa serikali?" Nilimheshimu kwa kuuliza. Jibu nililompa ni hili. Mtu aliyezoea heroini anaamka asubuhi akiwa na arosto: mifupa inauma, tumbo linaharisha, makamasi yanamtoka, hawezi kukaa wala kulala. Akipata kete anatulia kwa saa chache, kisha arosto inarudi, na siku yake yote inaishia kwenye kutafuta kete nyingine. Methadoni nayo ni ya jamii ya afyuni, lakini inakaa mwilini zaidi ya siku nzima. Anakunywa mara moja, arosto haiji, na dozi ikishakaa sawa hapati ule ulevi. Anaweza kushika kazi. Anaweza kula na wanawe. Buprenofini ni dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, inawekwa chini ya ulimi, na ina usalama zaidi kwa sababu ikifika kiwango fulani haiendelei kukandamiza pumzi kama heroini inavyofanya. Shirika la Afya Duniani liliziingiza zote mbili kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Ni orodha ileile yenye dawa za malaria na za kisukari.

Na matokeo yake? Mwaka 2017 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti zilizofuatilia zaidi ya watu 100,000. Wakiwa kwenye methadoni, walikufa watu kama 11 kati ya 1,000 kwa mwaka. Wakiwa wametoka kwenye methadoni, walikufa 36 kati ya 1,000. Wazazi wangu, mnasikia tofauti hiyo? Ni dawa ileile na wagonjwa walewale. Kilichotofautisha ni kuwa ndani ya matibabu au nje. Kwa hiyo kila sharti linalomsukuma mgonjwa nje, tulipime kwa hesabu hiyo.

Sasa naomba tusafiri kidogo, twende Marekani. Najua kuna atakayeuliza Marekani inatuhusu nini. Inatuhusu kwa sababu mtindo wa kliniki maalumu, wa kunywa kila siku mbele ya mtoa dawa, ulizaliwa kule, na makosa ya kule yameandikwa wazi kuliko ya nchi nyingine yoyote. Mtu mwenye busara hasubiri ayarudie.

Mwaka 1914 bunge la kule lilipitisha sheria ya kudhibiti afyuni na kokeini. Mwaka 1919 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba daktari anayemwandikia mraibu dawa ili tu asipatwe na arosto, karatasi hiyo haihesabiki kuwa cheti cha daktari. Madaktari wakashitakiwa, na waliobaki wakajifunza: mraibu akija, mfungie mlango. Nusu karne ikapita hivyo. Miaka ya 1960, jijini New York, madaktari wawili, Vincent Dole na Marie Nyswander, wakathubutu kuwapa wagonjwa wa heroini methadoni kila siku, na mwaka 1965 wakachapisha habari za wagonjwa wao 22 wa kwanza. Watu waliokuwa wameshindikana walikuwa wanarudi shule na kazini.

Serikali ikafanya nini? Iliikubali dawa, kisha ikaijengea ukuta. Sheria ya mwaka 1974 ikaweka usajili wa pekee, na methadoni ya kutibu uraibu ikabaki kwenye kliniki zilizosajiliwa kwa kazi hiyo tu. Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Daktari yeyote wa Marekani mwenye kibali cha kawaida anaweza kumwandikia mgonjwa wa maumivu vidonge vya methadoni, akaenda kuvichukua kwenye duka la dawa la mtaani kwake. Mgonjwa wa uraibu hawezi. Dawa ni ileile, duka ni lilelile, kilichobadilika ni sababu ya kuumwa.

Mwaka 2000 wakaona ukuta umezidi. Wakatunga sheria ya kuruhusu madaktari wa kawaida kutibu uraibu ofisini kwao, na mwaka 2002 buprenofini ikaidhinishwa. Jambo jema! Ila wakaipachika masharti. Daktari akasome saa 8 kwanza, aombe kibali cha pekee, apewe namba ya pekee, na maafisa wa kudhibiti dawa za kulevya wawe na mamlaka ya kuja kukagua majalada yake. Halafu likaja sharti la wagonjwa: wasizidi 30. Baadaye wakaruhusu 100 kwa aliyekaa mwaka mmoja na kibali. Mwaka 2016 wakafikisha 275 kwa baadhi yao.

Fikirieni daktari wa mji mdogo kule milimani, daktari pekee mwenye kibali hicho. Anao wagonjwa 30. Anakuja wa 31, kijana wa miaka 24, anatetemeka, mama yake amemshika mkono. Daktari anaijua dawa. Duka la dawa liko ng'ambo ya barabara. Kalamu iko mkononi. Sheria inamwambia asiandike. Lakini kijana huyohuyo akisema mgongo unamuuma, daktari huyohuyo anaruhusiwa kumwandikia oksikodoni, dawa ya maumivu iliyowaingiza maelfu ya Wamarekani kwenye uraibu, bila masomo ya pekee, bila namba ya pekee, bila kikomo cha idadi ya wagonjwa. Sheria ilimwacha daktari huru kuwasha moto, ikamdai kibali cha kuuzima. Nani aliyemlinda mgonjwa hapo? Nawauliza kweli, nani aliyelindwa?

Mwaka 2018, miaka 16 baada ya dawa kuidhinishwa, asilimia 40 ya wilaya za Marekani hazikuwa na mtoa huduma hata mmoja mwenye kibali hicho. Vifo vya kuzidisha dawa za kulevya vikawa vinapanda, na mwaka 2021 vikavuka 100,000 kwa mwaka mmoja. Sisemi kibali ndicho kilichowaua wote. Kulikuwa na fentanili, dawa ya jamii ya afyuni yenye nguvu kuliko heroini, kulikuwa na umaskini, kulikuwa na mengi. Nasema hivi: katika miaka ambayo watu walikuwa wanakufa kwa wingi kuliko wakati wowote, dawa ya kuwaokoa ndiyo iliyowekewa masharti kuliko dawa iliyowaumiza.

Kibali kile kilifutwa. Rais Joe Biden aliisaini sheria hiyo tarehe 29 Desemba 2022. Mngedhani wagonjwa wangemiminika, sivyo? Hawakumiminika. Waliofuatilia mwaka uliofuata waliona madaktari wanaoandika buprenofini wameongezeka, lakini idadi ya wagonjwa wanaoipokea haikupanda kwa kiasi cha maana.

Jambo hili limenifikirisha sana, na naomba tukae nalo. Kwa nini? Kwa sababu sharti likikaa miaka 20 linaacha mazoea. Daktari aliyesoma chuoni akiambiwa hii ni dawa ya hatari, ya wataalamu maalumu, ya kukaguliwa, hageuki siku moja kwa kuwa karatasi imefutwa. Mwenye duka la dawa aliyezoea kuogopa kuagiza nyingi asije akashukiwa, anaendelea kuogopa. Bima zinaendelea kudai idhini. Na mgonjwa aliyefukuzwa mara tatu harudi kubisha mara ya nne. Ndiyo maana nawasihi viongozi wangu: msiseme tutalegeza baadaye, mambo yakitulia. Kila mwaka wa kusubiri unazidi kuwafundisha watu woga.

Wapo walioanza kwa njia nyingine. Ufaransa, miaka ya 1990, ilikuwa na janga la heroini na Ukimwi kama nchi nyingi za Ulaya. Mwaka 1996 iliingiza buprenofini na kumruhusu daktari yeyote wa kawaida kuiandika. Hakukuwa na masomo ya lazima, wala kikomo cha wagonjwa 30. Mgonjwa anaichukua duka la dawa la jirani, hata ya wiki nne. Kati ya 1995 na 1999 vifo vya kuzidisha dawa za kulevya vilishuka kwa asilimia 79. Naomba niirudie takwimu hiyo, asilimia 79, kwa miaka minne.

Sitaki kuwaficha upande wa pili, kwa sababu mtausikia kwa wengine. Ufaransa dawa ilivuja. Wapo waliosaga vidonge wakajidunga. Na vingine vilisafirishwa kwa magendo hadi Mauritius, kisiwa ndugu yetu wa Bahari ya Hindi, vikawa biashara ya mitaani na vijana wa kule wakawa wanajidunga. Ni kweli. Uvujaji ni jambo la kweli na linahitaji akili. Lakini Mauritius wenyewe, walioumizwa na uvujaji huo, walifanya nini? Mwaka 2006 walianzisha methadoni. Waliujibu uvujaji kwa kufungua matibabu kwao.

Sasa turudi nyumbani.

Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya serikali katika bara hili kusini mwa Sahara, tukiacha visiwa. Mwananyamala ikafuata, kisha Temeke hapahapa, kisha mikoani, na Zanzibar nako. Wenzetu wa Kenya walianza Hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi na Mombasa. Tujipongeze kwa haki. Wakati nchi nyingi za Afrika bado zinamfunga mraibu jela tu, Tanzania ilimpa kikombe cha dawa, na bure. Madaktari walioipigania kazi hiyo walisemwa vibaya sana wakati ule, na wengi wetu hapa tuna ndugu aliye hai kwa sababu hawakukata tamaa.

Na kwa sababu ya heshima hiyo nasema ukweli kuhusu mlango.

Wasiowahi kufika kliniki, niwaeleze tunavyofanya. Mgonjwa anafika dirishani. Anataja jina na namba, tunalinganisha sura na picha. Tunamtazama macho, tunasikiliza anavyoongea. Akionekana amelewa hatumpi. Dozi inapimwa kwa mililita. Anakunywa mbele yetu. Tunaongeza maji kwenye kikombe kilekile, anasuuza, anakunywa tena. Halafu tunamwambia aseme chochote, hata "shikamoo", tuhakikishe amemeza. Ndipo anaondoka. Kesho yake tena. Jumapili tena. Idi, Krismasi, siku ya msiba wa baba yake, siku mvua imekata barabara. Kubeba dozi kwenda nayo nyumbani ni ruhusa ya wachache.

Kwa mgonjwa mpya utaratibu huu ni sahihi, na nitautetea mbele ya yeyote. Wiki mbili za kwanza ndizo za hatari. Tunaanza na dozi ndogo, tunapandisha polepole, lazima tumwone. Lakini aliyetimiza miaka miwili, vipimo safi, ana mke, ana kazi, tunamlinda na nini kwa kumwita kila siku?

Nilikuwa na mgonjwa mmoja, fundi muashi. Hodari kweli. Miaka miwili hakukosa. Alipata kazi ya wiki tatu mkoa mwingine, kazi ya kumlipia ada ya mtoto na kodi ya miezi sita. Akaja dirishani akaniuliza, "Dokta, dawa yangu nitabebaje?" Utaratibu wa wakati ule haukuwa na jibu, na huko alikokuwa anakwenda hakukuwa na kliniki. Akaenda kazini. Siku ya kwanza alivumilia, ya pili alivumilia, ya tatu arosto ikamshusha kwenye jukwaa la kujengea. Heroini aliipata siku hiyohiyo. Ona ajabu hii: heroini ilikuwepo, bila fomu, bila namba, bila dirisha. Alirudi kwetu baada ya muda akiwa amekonda. Na kwa kuwa alikuwa amekosa siku nyingi, ilibidi tumwanze upya na dozi ndogo, kwa usalama wake, na ndiyo sheria ya dawa hii. Kazi ile ilipotea. Yuko hai, nashukuru. Wako ambao sikuwaona tena.

Nauli nayo, naomba tusiichukulie poa. Mtu anayetoka Chanika au Mbagala ya ndani anapanda daladala mbili kuja na mbili kurudi. Kila siku ya Mungu. Bosi gani anamvumilia kijana anayefika kazini saa nne kila siku bila kueleza alikuwa wapi? Na akieleza, bosi gani anambakiza? Wenzetu wa Lamu kwa miaka walilazimika kuhama kabisa, kwenda kuishi Malindi au Mombasa, mbali na mama zao, mbali na bahari inayowalisha, ili tu wawe karibu na kikombe. Tunamwambia kijana aachane na maskani ya zamani, ajenge maisha mapya, kisha tunampa ratiba isiyoruhusu maisha.

Wapo wengine ambao hata dirishani hawakufika. Kliniki zilipoanza, kipaumbele kilikuwa wanaojidunga, kwa sababu ya VVU kuenea kwa sindano. Nia ilikuwa njema. Lakini mama mmoja alimleta binti yake aliyekuwa anavuta kokteli, heroini na bangi ndani ya msokoto mmoja. Mikono yake haikuwa na alama za sindano. Akaambiwa hajakidhi. Mama yule aliuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: "Kwa hiyo nimrudishe akaanze kujidunga ndipo nimlete?" Kumbukeni pia wanawake kliniki zetu zimewapata wachache mno tangu mwanzo. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni na aibu ya mtaa mzima kichwani hawezi kusimama kwenye foleni ya wanaume kila asubuhi.

Na kuna hili la kitaalamu kidogo, lakini wauguzi mtalielewa mara moja. Mgonjwa wa methadoni akipata kifua kikuu, tunampa rifampisini. Rifampisini inaifanya methadoni iishe mwilini haraka. Ghafla dozi iliyomtosha haimtoshi. Usiku anaamka na arosto. Anachohitaji ni mtu mwenye ruhusa ya kumpandishia dozi, leo. Ikiwa mwenye ruhusa ni daktari mmoja, na daktari yuko semina, mgonjwa anasubiri, na arosto haisubiri. Wengine wanaacha dawa za kifua kikuu kwa sababu wamegundua ndizo zinazowaletea arosto. Wanachagua kukohoa. Mnaona sharti la nani aandike linavyoweza kuzaa kifua kikuu sugu mtaani?

Sasa wataniambia: wewe mfamasia, unataka dawa hii izagae? Sitaki. Methadoni inaua ikichezewa. Kiasi kidogo sana kinaweza kumwua mtoto mdogo, na hata mtu mzima asiyeizoea anaweza kulala asiamke. Wanaosema tuwe waangalifu wako sahihi, na mimi ni mmoja wao. Ninachobishania ni kwamba uangalifu si lazima uwe kumwita mtu mara 365 kwa mwaka.

Tuna ushahidi. Korona ilipoingia, Machi 2020, Marekani ilibidi ilegeze ghafla: mgonjwa aliyetulia akaruhusiwa kubeba dozi za hadi siku 28, ambaye bado hajatulia sana hadi 14. Wengi waliogopa kwamba methadoni itamwagika mitaani na watu watakufa nayo. Kati ya 2019 na 2021 sehemu ya vifo vya kuzidisha dawa vilivyohusisha methadoni ilishuka, kutoka asilimia 4.5 hadi 3.2. Mwaka 2024 wakaufanya ulegezaji huo kuwa kanuni ya kudumu. Miaka karibu 50 ya masharti makali, na ilibidi ugonjwa mwingine uje ndipo yajaribiwe!

Lakini mimi sihitaji kwenda mbali. Mfano mkubwa kuliko wote tunao hapa Tanzania. Mnakumbuka dawa za kufubaza VVU zilivyoanza, mwaka 2004? Zilikuwa hospitali kubwa. Ilikuwa lazima daktari. Kulikuwa na wataalamu, tena wakubwa, waliosema watu wetu hawataweza kuzimeza kwa utaratibu, wataziuza, watazalisha virusi sugu. Tukaambiwa Mwafrika hana saa. Leo ziko wapi? Ziko zahanati. Muuguzi anazitoa. Mgonjwa aliyetulia anachukua za miezi mitatu, hata sita, anakwenda nazo shambani au baharini. Tulipozisogeza karibu, watu wengi zaidi walipata nafuu na kuishi.

Basi nisikilizeni. Ninao wagonjwa wenye VVU walio pia kwenye methadoni. Dawa za VVU tunampa za miezi mitatu mkononi, tunamwamini. Methadoni, mtu huyohuyo, siku hiyohiyo, dirisha linalofuata, tunamwambia: rudi kesho. Je, amebadilika akiwa anatembea hatua kumi kutoka dirisha moja hadi jingine?

Kwa hiyo, waheshimiwa madiwani, nawaomba chumba. Chumba kimoja kwenye kituo cha afya cha kata, chenye kabati la chuma na mfamasia au muuguzi aliyefundishwa. Kliniki kubwa imwanzishe mgonjwa, impime, ikishamtuliza imkabidhi kwa kituo kilicho karibu na kwake. Madaktari wenzangu, mwenye kuandika asiwe mmoja. Maafisa tabibu wetu wanatibu malaria kali, wanazalisha, wanaendesha kliniki za VVU; wafundishwe, wapewe mamlaka ya kupandisha na kushusha dozi. Buprenofini nayo ifike kwa upana, hasa kwa wanaofanya kazi mbali. Wakuu wa polisi mliopo hapa, mgonjwa akiwa mahabusu dozi yake imfuate. Kumkatisha ghafla ni kumwadhibu kabla ya hakimu.

Wazazi wangu, na ninyi mna kazi. Dozi ikija nyumbani, iwe na kisanduku chenye kufuli, juu, mbali na watoto, na ufunguo ukae kwa mtu mzima. Isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda. Jifunzeni kumtambua aliyezidisha: anakoroma vibaya, midomo inageuka rangi, haamki ukimtikisa. Mkimbizeni hospitali, na ulizieni naloksoni, dawa inayorudisha pumzi. Na ninyi vijana wangu, nawapenda, lakini nitasema: anayetema dozi akaiuza anawafungia mlango wenzake mia. Najua ni wachache. Wachache hao ndio wanaotajwa kila nikienda kuomba ruhusa hizi.

Barua ya ombi letu kwa halmashauri iko mezani pale nyuma, kwa katibu. Inaomba mambo mawili tu kwa mwaka huu: dozi za kubeba nyumbani kwa kila mgonjwa aliyetulia kwa vigezo vya kitabibu, na vituo viwili vya afya vya kata vianze kutoa methadoni. Isomeni kabla ya kutia sahihi. Asiyejua kusoma, wahudumu wa jamii watamsomea. Mwenye swali, nipo hapa mpaka saa kumi.

Asanteni sana.